Sindano Sita za Kemilembe

Jumatatu, 2 Machi 1987

Nimechemsha sindano za kioo ishirini. Mbili zimepasuka. Barafu nimechukua dukani kwa Bi Zarina, friza lake ndilo pekee hapa mtaani Bilele linalogandisha sawasawa. Tumeondoka saa moja asubuhi, Daktari Felisian mwenye utafiti, mimi wa maabara, Ta Laurenti kwenye usukani.

Kijijini Nshamba, watoto watatu wenye mashavu yaliyovimba. Wawili ni meno tu, usaha. Wa tatu ndiye tunayemtafuta. Anaitwa Kemilembe, miaka saba, darasa la kwanza. Taya la kushoto limejaa kama ameficha ngumi mdomoni. Jicho limesukumwa juu. Meno yanacheza. Wiki tano tu, anasema mama yake. Uvimbe huu hukimbia hivyo. Mwezi mwingine, koo linaziba.

Tumechukua damu ya mtoto, ya mama, ya baba, na ya mtoto wa jirani aliye mzima, wa kulinganisha naye. Ikafika zamu ya baba yake, Projestus, nikamfunga mpira mkononi.

"Mwenye uvimbe ni mtoto," akasema. "Damu yangu ya nini?"

Nikamjibu tunataka kujua kama uvimbe uko kwenye ukoo. Nusu ya jibu ni kweli. Nusu nyingine ni chupa ya pili, yenye kizibo chekundu, inayokwenda kupimwa ugonjwa mpya, huu wa kukonda mpaka kufa, wanaouita Juliana. Daktari amekataza tusiwaambie watu wazima. Nimedanganya bila kupepesa macho. Nimezoea. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 4 Machi

Hadubini tangu asubuhi. Nyama niliyofyonza kwenye taya la Kemilembe imejaa seli, zimebanana, hakuna nafasi ya kupumua. Saratani ya matezi, ile inayopenda taya za watoto wa huku ziwani. Utafiti wetu unauliza kwa nini huku, na kwa nini kinga ya mwili wa mtoto huyu imeshindwa wakati ya mtoto wa jirani imeweza. Kemilembe, tuliyemleta wodini juzi na mama yake, hana maswali hayo. Analia njaa. Hawezi kutafuna.

Sindano ya kwanza saa nne. Zote ni sita, moja kila baada ya wiki mbili. Ametapika mchana kutwa. Mama yake, Anastazia, hakuliachia beseni hata mara moja.

Jumanne, 10 Machi

Uvimbe umepungua nusu. Siku sita! Jicho limerudi mahali pake. Amekula uji wa ulezi, kikombe kizima. Nywele zinadondoka kwenye mto, hajali.

Furaha haikukaa. Mchana Projestus ameingia wodini amelewa rubisi. Chupa ya damu ya Anastazia ilipasuka kwenye mashine wiki iliyopita, nikamwomba nyingine jana, akakubali. Mumewe kasikia. Alimpiga kofi, mama wa watu akaangukia kitanda cha mgonjwa mwingine. Akamfuata na teke la tumbo. Wahudumu watatu ndio waliomtoa. Mlangoni alisema, taratibu kabisa, kwamba vitani aliona damu ikimwagwa bure na sasa anaiona ikiuzwa.

Ta Laurenti anamjua. Walikuwa mgambo pamoja, walivuka mpaka siku moja mwaka sabini na tisa. Anasema Projestus alikwenda akiwa mtu wa kucheka, akarudi mtu wa kupiga. Mwaka jana amezika kaka zake wawili, wote kibanjani kwake, shamba la migomba la nyumbani, wote wamebaki mifupa. Namchukia. Namwelewa pia. Sitaki kumwelewa.

Jumatano, 18 Machi

Sindano ya pili. Taya karibu sawa. Meno yameshika. Kemilembe ameruhusiwa kwenda nyumbani, arudi tarehe mosi.

Ta Laurenti ameleta habari za vijiweni. Wanasema gari letu ni la mumiani. Wanasema damu inakwenda Ulaya kwa ndege. Hapo hawakukosea. Inakwenda kweli.

Ijumaa, 20 Machi

Majibu ya chupa zenye vizibo vyekundu yamefika kwa ndege kutoka Dar. Namba tupu, bila majina. Daftari la majina ninalo mimi.

Kemilembe hana. Anastazia anao. Projestus anao.

Nimekwenda kwa Daktari. Nikasema watu hawa lazima waambiwe. Akasema, bila kuinua macho, kwamba hakuna dawa ya kuwapa, na nikifungua mdomo hakuna mzazi atakayenyoosha mkono tena, na watoto wenye uvimbe watafia vijijini. Anasema vizuri.  Niliokota chupa ya spiriti nikaipiga ukutani. Vioo mpaka kwenye nywele zake. Akaniambia nifagie. Nikafagia. Kidole kimechanika, nimekinyonya kama mtoto.

Jumatatu, 23 Machi

Mtoto wa jirani yake Kemilembe, yule mzima wa kulinganisha, amekufa juzi. Malaria imempanda kichwani, amekwisha kwa siku mbili. Kijijini hawasemi malaria. Wanasema alikuwa mzima mpaka tulipomchoma.

Kesho tumepangiwa kwenda huko huko. Daktari ana mkutano mkoani, haendi. Ta Laurenti kaniuliza, "Paskazia, tuache kwanza wiki hii?" Nikasema twende. Sikumwambia sababu. Nataka kumwona Anastazia nimwambie ukweli, basi.

Jumanne, 24 Machi

Wamemuua Ta Laurenti. Mimi mzima. Siwezi kuandika.

Jumatano, 25 Machi

Nitaandika yote mara moja. Polisi wataniuliza, na nikiwaza tu nitaanza kujipendelea.

Tulifika saa nne asubuhi. Njia ilikuwa imezibwa na migomba iliyokatwa, mitatu, bado inachuruzika maji. Ta Laurenti akasimamisha gari. Akaanza kurudi nyuma. Nyuma nako wakatokea watu. Sijui wangapi. Wanawake pia, tena wengi. Hawakupiga kelele. Nilitegemea kelele.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha upande wangu. La pili likampata Ta Laurenti kwenye sikio. Wakafungua mlango wake wakamvuta nje. Alianza kuongea nao Kihaya, kwa heshima, waitu hiki, waitu kile, kama mtu anayeomba njia msibani. Alimwona Projestus. Akamwita kwa jina. Akamwambia, "Projestus, ni mimi. Tulilala shimo moja Masaka."

Projestus alikuwa na jembe. Alilitazama jembe lenyewe, halafu akamtazama yeye. Nilidhani ataliweka chini. Akampiga nalo shingoni.

Baada ya hapo ilikuwa mikono ya kila mtu. Mapanga, magongo, mwanamke mmoja na mchi wa kutwangia. Walikuwa wakipumua kwa nguvu kama watu wanaolima. Niliona mguu wake ukipiga ardhi, ukipiga, ukiacha. Mama wa yule mtoto aliyekufa alikuwa ameketi pembeni, nguo ya msiba kichwani, hakunyanyuka, hakutazama kwingine.

Mimi nilitokea mlango wa kushoto. Hapa ndipo pagumu. Nilikuwa na mikono miwili. Nilichukua boksi la barafu lenye damu tuliyokusanya asubuhi Muleba. Nilikimbia nalo kwenye migomba, limenipiga mapaja, na nyuma yangu nikasikia gari likishika moto, puu, kisha kimya, kisha moto wenyewe. Nimekimbia mpaka barabara kubwa. Lori la kahawa ndilo lililonichukua. Dereva aliniuliza nimebeba nini. Nikasema maziwa.

Niliokoa damu. Sikumshika mkono Ta Laurenti, hata sikumwita jina.

Leo asubuhi nimezimwaga chupa zote za damu kwenye sinki. Daktari alisimama mlangoni akanitazama. Angesema ningempiga.

Ijumaa, 27 Machi

Tumemzika Ta Laurenti huko Kanazi, kibanjani kwake. Jeneza halikufunguliwa. Mjane wake kanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuja. 

Polisi wamekuja kwangu jioni. Wameshakamata watu kumi na mmoja, wote wanasema hawakuwepo. Wakaniuliza nilimwona nani. Nilijua maana ya swali. Nikimtaja Projestus, Kemilembe hana wa kumleta hospitali. Anastazia ameanza kukohoa, hawezi kumbeba mtoto mpaka stendi. Nikinyamaza, Ta Laurenti amekufa kwa mkono wa hakuna mtu.

Nimemtaja. Nimetia sahihi. Walimpata anapalilia kahawa, wanasema, na hakukimbia. Wamempiga njiani mpaka amepoteza meno. Aliyenisimulia alidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 1 Aprili

Utafiti umefungwa. Daktari ameondoka na ndege ya juzi, anasema kwa muda. Dawa ya Kemilembe imebaki kabatini. Leo ndiyo siku ya sindano ya tatu. Hakuletwa. Nilijua hataletwa.

Nimepanda basi mpaka Nshamba, nikatembea. Njiani watu walinijua. Hakuna aliyenigusa. Walisimama milangoni mwao wakanitazama nikipita lile doa jeusi la gari.

Anastazia alikuwa akipalilia nyuma ya nyumba. Amekonda mno kwa wiki mbili. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti. Nikamwambia kuhusu chupa yenye kizibo chekundu. Nikamwambia majibu, yake na ya mumewe. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtaja polisi.

Alisimamisha jembe. Halafu akasema, "Kwa hiyo Projestus alisema kweli. Mlituibia."

Nikasema ndiyo.

Akanipiga na mpini wa jembe. Begani kwanza, nikasikia mfupa ukilia ndani. Halafu mgongoni. Halafu mkononi niliponyanyua kujikinga. Sikukimbia.  Alipiga mpaka kikohozi kikamkamata, akaegemea mgomba, akatema chini. Mimi nimepiga magoti kwenye matandazo, pua inatoka damu. Tulikaa hivyo, kila mmoja akipumua kivyake.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto hana. Na uvimbe wake unapona, akimaliza sindano."

Akaingia ndani. Nilidhani anafuata panga. Alitoka na Kemilembe, amevaa sare ya shule, kitambaa kichwani kuficha upara, na kifurushi cha nguo. Akanikabidhi kifurushi. Mtoto alimbeba mwenyewe, tukapumzika kila hatua hamsini. Kwenye basi hakukaa karibu nami.

Sindano imeingia saa kumi na moja jioni. Nimechoma kwa mkono wa kushoto, wa kulia haunyanyuki. Nesi wa wodi alitaka kunisaidia, nikakataa. Nilikosea kumkatalia.

Alhamisi, 9 Aprili

Mfupa wa bega umepasuka, picha imeonyesha. Nimewaambia nilianguka kwenye ngazi. Nyumba ninayokaa haina ngazi.

Anastazia na mtoto wanakaa wodini, mganga mkuu amekubali mpaka sindano zote ziishe. Jana nimemkuta mhudumu mmoja akimfukuza Anastazia bombani, asichote maji na wengine kwa kuwa ni mke wa muuaji na ana Juliana. Nimemsukuma yule mhudumu ukutani kwa mkono wangu mmoja mzima. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika. Anastazia alichota maji yake akaondoka bila kunitazama.

Nani alimwambia mhudumu kuhusu Juliana? Daftari lilikuwa juu ya meza yangu. Nimelichoma.

Jumamosi, 18 Aprili

Kesho Pasaka. Wodi imepungua watu, waliojiweza wameomba ruhusa kwenda kwao.

Sindano ya nne ilikwenda vizuri Jumatano. Kemilembe hakutapika sana. Taya limelala, nimelipapasa pande zote, hakuna kitu. Leo nimemkuta anakula ndizi na maharage, anatafuna upande wa kushoto.

Aliniuliza tata, baba yake, atarudi lini. Nikamwambia sijui, pengine muda mrefu sana, na kwamba amefungwa kwa sababu nilisema nilichomwona akifanya. Alinitazama. Akaendelea kutafuna, polepole, kama anayesikiliza kitu. Halafu akaomba maji.

Anastazia alikuwa akikunja nguo kwenye kitanda cha pili. Hajazungumza nami tangu siku ile. Leo amezungumza, akiwa amenipa mgongo.

"Mfundishe kuandika tarehe za sindano zake," akasema. "Sitakuwepo kuzikumbuka."

Nikatafuta kipande cha boksi la dawa na kalamu. Nikamkalisha Kemilembe dirishani penye mwanga. Nne zilizopita nimeandika mimi. Mbili zilizobaki ameandika yeye, ulimi nje, akibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka kipande kikatoboka. 29 Aprili. 13 Mei. Ile tatu ameigeuza, imetazama nyuma.

Nimeiacha hivyo hivyo. Inasomeka.