Toleo la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Kiongozi wetu mpya — tunamwita Bwana Fagio, mwenyewe anajua na wala hanuni — ametangaza usafi. Matoleo yote ya zamani ya mashine yafutwe. Yamekuwa mzigo, kasema. Kazi nimetupiwa mimi. "Dada, wewe ndiye unayafahamu." Kweli nayafahamu!

Jioni Mama kaniuliza tena kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia: tunatengeneza kompyuta ya uongo ndani ya kompyuta ya kweli. Programu iliyomo ndani inadhani iko kwenye chuma chake. Sisi tukiboresha kifaa chochote, kadi au saa au diski, ile iliyozoea cha zamani lazima iendelee kuonyeshwa cha zamani. La sivyo itashtuka. Kwa hiyo kila toleo tunaliandikia sifa zake: hiki zima, kile washa.

Mama akafikiri. "Kwa hiyo mnaidanganya."

Ndiyo, Mama.

"Lakini kwa heshima."

Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Toleo la kwanza la kufutwa ni lile nililoandika na Wifi. Chumba kile juu ya duka la fundi cherehani! Cherehani zikianza chini, meza yetu inatetemeka, herufi zinacheza kwenye kioo. Hakuwa wifi bado wakati huo. Kaka alikuwa akituletea chai ya chupa kila siku, anasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kilichomleta. Na mimi, mjinga, nilidhani ananipenda sana dada yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka tangazo kwenye ukumbi wa mradi mtandaoni: wenye kutumia matoleo haya waseme mapema. Nilitegemea kimya.

Saa ya chakula, jibu moja. Kutoka idara ya maji. "Ndugu Mhandisi, tuna mashine moja bado inaishi kwenye toleo hili, na haiwezi kuzimwa." Chini, jina la Wifi.

Ndugu Mhandisi! Mtu aliyekuwa akinisuka nywele huku akinisomea makosa yangu ya programu.

Sikumaliza chakula.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia. Iliita sana. Nikataka kukata, akapokea.

"Nikuiteje siku hizi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Uliniitaje zamani?"

"Wifi."

"Basi."

Tukakimbilia kazi. Kazi ina adabu, haiulizi maswali.

Hali yenyewe: pampu za mji wote zinaongozwa na programu kongwe, nayo inaishi ndani ya mashine yetu ya uongo. Walioiandika walishafunga kampuni. Haijazimwa tangu iwashwe, na hakuna anayejua ikizimwa kama itaamka na akili zake. Seva inayoibeba imechoka, feni inakoroma kama mzee mwenye mafua. Lazima ihamishwe ikiwa hai, kutoka seva hii kwenda mpya, bila programu ya ndani kuhisi lolote. Na upande wa pili lazima ukute vifaa vile vile. Toleo lile lile.

Nimekwenda kwa Bwana Fagio. Nikamwambia tusubiri, kuna wifi yangu ana shida. Akauliza, "Mtandao tena?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Alipoelewa akawa mstaarabu. Tusubiri mpaka wahamishe. Kisha fagio.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kituo cha maji. Jengo limepakwa chokaa, ndani kuna mvumo ambao unausikia kwa miguu kabla ya masikio. Chumba cha kuongozea ni kidogo, kina dirisha linalotazama tangi. Alikuwa amevua viatu. Bado anavua viatu akitaka kufikiri!

Amezeeka vizuri. Miwani ina kamba. Hatukukumbatiana, tulishikana mikono kama watu wa mkutanoni, halafu yeye akaanza kucheka na mimi nikafuata. Hatukujua tunachekea nini.

Tumejaribu kwanza na nakala isiyoongoza pampu yoyote. Imekwama. Upande mpya umekataa katakata: kadi ya mtandao niliyoletewa si hii niliyo nayo. Mtu aliiongezea kadi uwezo mpya, ukawa umewashwa kwa kawaida, na hakuna aliyewaandikia wazee, yaani matoleo ya zamani, wauzime.

Wifi kasoma ujumbe ule mara mbili. "Nani alipitisha hili?"

Nikamwambia ni mabadiliko ya baada yake.

Enzi zake halingepita. Kila mtu alipoleta kifaa kilichoboreshwa, yeye alikuwa na swali moja tu: "Na wazee je?" Vijana walikuwa wakimwiga kwenye korido. Alipoondoka, swali likaondoka naye.

Walipoachana na Kaka, mimi sikuachana naye. Lakini mwisho ikawa kama nimeachana naye. Harusi moja hakualikwa, msiba mmoja akakaa nyuma kabisa, kisha akahamia idara ya maji na simu zikapungua zenyewe. Hakuna aliyefunga mlango. Upepo tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeipata. Mstari mmoja unatosha: kwa toleo lile, kadi ile, uwezo ule — zima. Nimeuandika chini ya mistari ya Wifi. Mkono wake unaonekana hata kwenye programu. Maelezo mafupi, hana porojo. Pahala pamoja kaandika tu, "Usiguse. Saa itachelewa." Nilimsikia sauti kabisa.

Bwana Fagio kaukagua. "Dada, unatia kiraka nguo tunayokwenda kuitupa."

"Mwenye nguo bado ameivaa," nikamjibu.

Kaniangalia. Kapitisha. Dakika chache baadaye karudi mezani kwangu, kauliza yapo matoleo mengine yenye tatizo kama hilo? Niyapitie yote kabla hajafuta chochote. Huyu kijana si mbaya. Amekuta nyumba imejaa, hajui kipi cha nani.

Wifi amejaribu tena na nakala. Imepita! Kanitumia ujumbe: "Imehama, wala haikukohoa."

Jumatano, 12 Machi

Kaka kaja kula kwa Mama. Karekebisha bawaba ya kabati bila kuombwa, kama kawaida yake. Tangu aishi peke yake kila kitu chetu kinatengenezwa, hata kizima.

Mama, kwa bahati mbaya au kwa makusudi — kwa Mama hujui — kauliza, "Na yule mwenzako wa kompyuta za uongo, yuko wapi siku hizi?"

Nikasema tuko wengi, Mama.

Kaka akakaza skrubu iliyokwishakazwa.

Nalala na hasira. Si juu yao. Kwa nini sikusema tu yuko kazini, mzima, anavaa miwani ya kamba?

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa chumba cha pampu. Leo tunahamisha mashine yenyewe, si nakala. Wifi kanifukuza kwenye kibodi. "Kaa pale, andika vitu vyako, usinikodolee mikono." Bado anakumbuka kwamba naandika.

Mafundi wawili wako chini kwenye vali. Mashine ikianguka wataongoza kwa mkono, lakini mitaa ya mlimani itakauka kwanza, na hospitali iko huko. Idara imetangaza watu wajaze vyombo. Wifi hakulala, naona. Jina lake ndilo liko chini ya tangazo.

Ameanza. Mstari wa kijani unatambaa. Kumbukumbu inahama kidogo kidogo huku programu ya ndani ikiendelea na kazi yake, haina habari. Feni inakoroma. Umevuka nusu.

Simu yangu! Ni Kaka. Imetetemeka mezani katikati yetu, neno KAKA kubwa kwenye kioo. Nikaigeuza.

"Pokea," kasema Wifi. "Isije ikawa Mama mgonjwa."

Mama. Hakusema mama yako.

Nimepokea, nimeweka spika. Mama mzima. Kaka yuko kwake, mlimani, kasikia tangazo, anajaza ndoo. Anauliza kama nimejaza na mimi. Halafu: "Kelele gani hizo?"

Pampu.

"Pampu? Uko na nani huko?"

Ningeweza kusema watu wa maji. Ingekuwa kweli.

"Niko na wifi yangu."

Hajakata. Nasikia maji yakianguka kwenye ndoo upande wake.

Mstari umefika mwisho. Mashine ya zamani imesimama, mpya haijajibu. Hapa ndipo penyewe. Wifi hajageuka, vidole viko juu ya kibodi, miguu mitupu sakafuni.

"Mwambie asifunge bomba," kasema. "Aliache wazi. Atuambie linatoka au halitoki."

"Nimesikia," kasema Kaka kabla sijafungua mdomo. Kisha, taratibu, "Linatoka."

Maji yaliyomo bombani yatatoka tu hata pampu zikizima sasa hivi. Mimi najua. Wifi ndiye anayejua zaidi.

"Sema tena," kamwambia.

"Linatoka."

Mpya bado haijajibu. Ndoo yake imejaa, nasikia inamwagika, hafungi —