Mlango Umegoma Kushuka, na Shemeji Anaitaka Gereji

Shangazi, shikamoo. Sijawahi kuliandikia gazeti wala kutoa mambo ya nyumba yangu nje, na hata leo naandika kwa hasira zaidi kuliko kwa machozi, kwa hiyo unisamehe nikipayuka.

Mimi ni mshonaji, na sisemi hivi kwa majivuno, ingawa kidogo ni majivuno: ukiona bibi harusi mtaani kwetu gauni limemkaa mpaka watu wanasahau kula, ujue limepita mikononi mwangu. Mguu wangu wa kulia haukunjiki tangu utotoni, natembea na gongo, na nilipokuwa mdogo wageni wakija kwetu mimi nilipelekwa chumba cha nyuma mpaka waondoke, hawakunipiga wala hawakunitukana, walinificha tu, kwa hiyo nilipoolewa nilimwomba mume wangu kitu kimoja, kwamba nifanye kazi mahali ambapo mtu akipita ananiona, naye bila kubishana akanipa gereji ya nyumba, ambayo mlango wake ukipanda mtaa mzima uko mbele yangu. Shida ikawa mlango wenyewe ni mzito na unanyanyuliwa kutoka chini kabisa, na mimi kuinama siwezi, basi kabla hajaondoka safari hii, maana ni dereva wa malori ya masafa marefu, akanifungia mota ya kuupandisha na kuushusha kwa rimoti. Shangazi, siku ya kwanza nilipobonyeza mlango ukapanda, nililia. Nikawa nafungua mwenyewe, nafunga mwenyewe, simwiti mtu.

Na vitu vyangu navitunza, si mtu wa kuachia vumbi. Humu ndani nyuzi na manyoya ya vitambaa yanaruka kutwa nzima, kwa hiyo kila kitu nimekishonea kifuniko, cherehani kina chake, redio ina chake, feni ina chake, rimoti ina kifuko chenye zipu, hata vile vitaa viwili vidogo vilivyokaa chini ubavuni mwa mlango, kimoja huku kimoja kule, niliketi sakafuni mguu nimeunyoosha nikavivalisha vikofia vya maua, na wateja wanavisifu. Pamoja na utunzaji wote huo, wiki hiyohiyo nilipomaliza kuvishona vifuniko mlango ukagoma. Kupanda unapanda vizuri, lakini nikibonyeza ushuke, unashuka kidogo, unasita, unarudi juu, na taa ya mota inapepesa kama inanicheka. Nimebadilisha betri ya rimoti, nimechomoa umeme nikachomeka tena, nimeomba, nimetukana, wapi!

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayeishi nyumba ya jirani. Jioni anakuja, anavuta ile kamba nyekundu inayoachanisha mlango na mota, anaushusha kwa mkono, na asubuhi anarudi kuupandisha. Mwanzoni nilishukuru. Sasa anakuja anapojisikia, nami nakaa namsubiri kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, maana siwezi kuacha nguo za watu wazi. Juzi akanitamkia mbele ya wateja: "Shemeji, mota hiyo imeungua. Hamishia vyerehani chumba cha nyuma, utulie, mimi niingize gari langu hapa lisipigwe na jua." Nikamuuliza, "Kwani gari lako linajua kushona?" Akacheka, akadhani natania.

Kumbe alishampelekea mama mkwe maneno, na Jumapili mama anakuja tukae kikao. Mume wangu akipiga simu namwambia mota ni nzima kabisa, kwa sababu sitaki ajue kwamba zawadi yake imenishinda. Sasa Shangazi, nikatae nionekane mkaidi nisiye na shukrani, au nikubali yaishe? Chumba cha nyuma, Shangazi. Mimi tena.

Mshonaji wa Mlango Wazi

SHANGAZI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Nina la kukukumbatia na la kukufinya sikio, na naanza na sikio.

Barua yako nilimsomea mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga milango ya aina hiyohiyo. Nilipofika kwenye vikofia vya maua akaweka kikombe chini. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Mzee wa watu alicheka mpaka akapaliwa. Mwanangu, vile si vitaa vya urembo, ni macho ya mlango! Jicho moja linarusha mwali, la pili linaupokea, ili mlango usimshukie mtoto au paka aliyesimama katikati. Mwali ukizibwa, mlango unaona kuna mtu pale chini, unarudi juu na kupepesa taa. Wewe umeuziba macho kwa kitambaa cha maua, halafu unaulaumu kwamba hauoni njia. Haki ya Mungu, sijapata kuona usafi wa namna hiyo.

Kwa hiyo leo hii, si kesho, keti tena sakafuni. Vua vile vikofia, futa vioo kwa kitambaa laini kikavu, na kapu la vipande vya vitambaa, ambalo najua lipo, liondoe mbele ya macho hayo. Kila jicho lina kitaa chake. Vyote viwili viwake bila kupepesa. Kimoja kikizimika, macho hayatazamani, basi jicho hilo ligeuze taratibu kwa vidole mpaka kitaa kitulie. Kisha, mlango ukiwa umefungwa, bonyeza rimoti ili kishikio cha mota kitembee kwenye reli na kuudaka mlango upya. Kisipoudaka, vuta ile kamba nyekundu kuelekea kwenye mota, ubonyeze tena. Mlango ukishapanda, weka boksi la nyuzi katikati ya yale macho, uamuru mlango ushuke. Ukikataa na kurudi juu, ujue unaona. Ondoa boksi, ushushe. Zile springi nene usiziguse hata kwa bahati mbaya, zinakata vidole. Na kama yote hayo yakishindikana, mwite fundi wewe mwenyewe, kwa simu yako, aje kwa saa utakayomtajia wewe.

Sikio bado sijaliachia. Mume wako unamdanganya kwa nini? Mtu aliyekufungia mota ili usimwite mtu, unafikiri atakudharau kwa kumwambia imekorofisha? Mpigie. Mweleze na habari ya vikofia, acha acheke huko barabarani, kicheko hicho ni chake kwa haki.

Sasa njoo nikukumbatie. Mwanangu, najivunia wewe, na hata sikujui sura. Mtoto aliyefichwa amekuwa mwanamke ambaye mtaa mzima unamwona akifanya kazi, na kazi yenyewe inamtangulia kanisani na ukumbini. Hilo si jambo dogo, na usimruhusu mtu aliite ukaidi.

Jumapili usimkaribishe mama mkwe sebuleni. Mkaribishe gerejini, mlango ukiwa juu, akae kwenye kiti cha wateja aone unavyoishi. Sema ukweli kwamba kosa lilikuwa lako, la vikofia. Mshukuru shemeji yako, na umshukuru kwa dhati, kwa sababu jioni zote hizo alikuja, hata kama alichelewa. Halafu mwambie mama yale uliyoniambia mimi, kwamba wageni walikuwa wakija wewe unapelekwa nyuma. Naweka dau hajawahi kuyasikia, na mama akisikia hayo hatahitaji kuelezwa mara mbili. Usipandishe sauti, usilie kama unaweza. Kisha sema neno moja tu kuhusu chumba cha nyuma: "Siendi." Wala usiongeze "samahani."

Na shemeji akiuliza gari lake litalala wapi, mwambie lilale lilipolala jana.