Mlimau wa Njeri Umechanua Kwenye Baridi

Jumamosi. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri.

Mlikuwa wapi? Nafungua ukurasa huu wetu wa mtandaoni, sioni hata salamu. Wajukuu wangu mko kwa simu siku nzima, na shosho hamumkumbuki. Haya, ketini hapo. Mimi ni wa gumbaru, nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, naandika polepole, na leo naandika nikiwa na hofu.

Mlimau wa Njeri umechanua.

Kwa wale wasiojua, Njeri alikuwa binti yangu wa kwanza. Nilimpa jina la mama ya mume wangu, kama desturi yetu, kwa hiyo nilipomgombeza, baba yake alikuwa akiniuliza, "Unamfokea mama yangu?" Nami nikimjibu, "Basi mwambie mama yako avae viatu."

Miaka ya themanini nilifanya kazi za nyumbani mtaa wa Spring Valley kwa Mama Harpreet, mjane wa Kisikh. Njeri alifukia mbegu ya limau nyuma ya jikoni pale. Ikaota. Homa ikamchukua kabla mti haujazaa. Ule mti ulikua umeinama, ukielekea dirisha la jikoni, pale alipozoea kusimama akiniita.

Miaka ya tisini nyumba ikauzwa. Aliyeinunua alitaka kujenga fleti, kwa hiyo mti ukatwe.

"Mama Njeri, beba mbegu," Mama Harpreet akaniambia.

Nilikataa. Mbegu huzaa mti mwingine. Mimi nilimtaka huyu huyu.

Nikaenda mjini, duka la dawa za shamba, nikapewa kichupa cha unga mweupe wa kuotesha mizizi. "Mama, usije ukautia kwa chai," muuzaji akanitania. Nikakata kwenye mti ule vijiti vya unene wa penseli, nikavua majani ya chini, nikalowesha ncha, nikazichovya kwenye unga na kuzikung'uta. Nikajaza mchanga mkebeni, nikautoboa kwanza ili unga usifutike, nikavisimamisha, nikafunika na nailoni. Mkebe ukakaa jikoni kwangu, hapa mtaani Satellite.

Wiki zikapita kimya. Asubuhi moja nikaamka jikoni kote kunanukia maua ya limau. Vijiti vyote vimechanua ndani ya nailoni, jani jipya hakuna. Nikavuta kimoja kidogo tu, kikatoka chote. Chini kilikuwa kama kilivyoingia, bila hata uzi wa mzizi.

Sasa yale maua yalikuwa yakila nini?

Adhuhuri Mama Harpreet akabisha, macho mekundu. "Wameukata leo asubuhi." Kisha ile harufu ikamfikia. Akarudi nyuma hadi mlangoni. "Nani amekwambia kabla yangu?"

Nikamwonyesha mkebe. Hakuketi.

Muuzaji alikuwa amenionya: kijiti kikitoa ua kabla ya mzizi, linyofoe, la sivyo kitajimaliza. Nilipogusa ua la kwanza mkono ulikataa. Ilikuwa kama kumziba mtoto mdomo akiita. Nikasema, "Nyamaza, mama, nimekusikia," nikanyofoa yote. Vijiti vingine vilikauka. Kimoja kikashika.

Ndio huo mti mnaochuma mkija hapa. Niliupanda mbali na nyumba, kwenye jua. Ukainama. Umeliacha jua, unaangalia mlango wa jikoni kwangu.

Na leo asubuhi, katika baridi hii, umejaa maua hadi matawi hayaonekani. Jani jipya hakuna, kama siku ile. Nimezunguka shina nikilipapasa. Ni zima.

Basi ni nani anayekatwa safari hii?

Msiniambie mambo ya hali ya hewa. Umri wangu naujua, na huu mti sitaki ubaki bila mtu.

Kwa hiyo kila mmoja wenu, ukija, na uje upesi, beba kisu chenye makali na mkebe wa mchanga. Unga nitakuwa nao. Utakata kijiti chako mwenyewe, nikikuona. Lakini ukifika usianzie kwangu. Pitia nyuma, upige hodi kwa Njeri kwanza.