Ubao wa Kulalia Wimbi

Jumapili, 15 Septemba 2013

Leo Baba Elinaza ameongea. Namaanisha ameongea kweli — sio "ndiyo", "bado", "weka hapo". Tangu ofisi yao ilipompunguza mwezi wa tatu, baada ya kuchorea watu ramani za majengo maisha yake yote, mume wangu amekuwa kama mgeni aliyeketi akisubiri kuitwa. Kochi limeshika umbo lake.

Ilikuwa hivi. Baada ya misa Thacienne akatushika mlangoni. "Mama Elinaza, muje basi na Papa Januari. Mutoto wangu anaonesha filamu. Chakula iko." Thacienne ni mtu wa Bukavu, anatunza wazee huko Scarborough, na ukimkatalia jambo atakuombea kwa sauti mbele za watu. Tukaenda.

Mtoto mwenyewe ni Nicole, anasomea filamu chuoni. Anatengeneza yake kuhusu watu wanaopanda mawimbi na mbao zao hapa hapa Ziwa Ontario — sikujua kama tuna vichaa wa aina hiyo mjini. Kwa hiyo alikuwa anaangalia filamu za zamani za mchezo huo, ajifunze. Sisi tulikuwa pale kumsaidia kula.

Nilianza kusinzia. Vijana vifua wazi, bahari ya buluu, gitaa. Mara wakatokea wazee wa Kiingereza, wake kwa waume, kofia za kuogelea za maua, kila mmoja na kibao chembamba kilichopinda juu mbele. Hawasimami. Wanalala kifudifudi na wimbi linawaleta mpaka mchangani. Muziki ukageuka ukawa wa sarakasi. Watu wakacheka. Halafu wakarudi vifua wazi.

Januari akaweka sahani chini. "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu."

Nicole akarudisha.

"Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunafanya Kigamboni. Sisi tulitumia mbao za masanduku. Tuliita kulalia."

Ndoa hii yote, na neno hilo sijawahi kulisikia.

Nicole akatafuta filamu nyingine, na nyingine. Kila moja ni yale yale: wanaolala wanawekwa katikati, wachekwe kidogo, waondolewe. Kama tangazo la sabuni. Januari ndiye aliyeligundua. Ameliongelea mpaka tumefika nyumbani Richmond Hill, na sasa yuko jikoni bado analiongelea, peke yake.

Jumamosi, 21 Septemba 2013

Sufuria yangu ya pilau imeondoka nyumbani.

Imekwenda kwa jirani, Bwana Ghulamabbas. Huyu ni Khoja wa Tanga, amestaafu, na gereji yake imejaa misumeno mpaka gari linalala nje. Januari alimchorea ubao wa kulalia kwenye karatasi, kipimo kwa kipimo, mstari kwa mstari — nilikuwa sijamwona ameshika penseli tangu Machi. Sasa wanachemsha ncha ya plaiwudi ili ilainike waipinde. Ya kwanza imevunjika. Ya pili wameibana kwenye jiliwa na wamekaa wanaitazama.

"Shemeji," Ghulamabbas ananiambia, "sufuria yako inatumikia sayansi."

Nikamwambia ikimaliza kutumikia airudishe.

Halafu akamgeukia mwenzake, uso umebadilika. "Lakini Bwana Januari, hili ziwa halina chumvi. Maji baridi hayamwinui mtu kama ya kwetu. Umelifikiria?" Januari akasema amelifikiria. Namjua. Hakuwa amelifikiria.

Jumapili, 6 Oktoba 2013

Tumekwenda ziwani. Maji kimya kama beseni. Mume wangu amesimama majini mpaka kiunoni, vazi la mpira kuanzia kichwani, ubao kwapani, kama mtu anayesubiri basi lililofutwa. Nicole, aliyekuja na kamera amtie kwenye filamu yake, alipiga picha hata hivyo. Mbwa mmoja alibweka.

Alipotoka alisema maji yana ladha ya sarafu. Kafurahi!

Jumatano, 16 Oktoba 2013

Upepo wa mashariki. Nimeomba ruhusa maabara ninakofanya kazi, Don Mills, nikatoka mapema — nimesema shughuli ya kifamilia, na si uongo.

Mimi ni mtu wa Kibosho. Maji ya kwetu ni ya mfereji, yanajua yanakokwenda. Kwa hiyo nilibaki ndani ya gari, hita imewashwa, rozari mkononi. Mawimbi yalikuja ya kijivu, na ya kweli. Vijana wa kusimama walikuwa wengi. Januari alijitenga upande, karibu na mawe, mweusi mwili mzima kama jambazi wa sinema. Alianguka. Akaanguka tena. Nicole amezama mpaka magotini na kamera yake kwenye mfuko wa plastiki.

Kisha likaja wimbi moja. Niliona mgongo wake ukiinuka, ukashuka, ukapotea nyuma ya povu — na nikaona vijana wawili wamegeuka kuangalia anakoelekea.

Alikuja garini midomo ya zambarau, akataka chai. Kijana mmoja alimfuata kuuliza ubao ule ameununua wapi. "Nimetengenezewa na fundi wa Tanga," akamjibu. Alivyojivuna sasa.

Amekula sahani tatu. Anakoroma. Sijali.

Jumatatu, 23 Desemba 2013

Umeme hakuna tangu jana, mji mzima umegandishwa na mvua ya barafu. Miti inavunjika kama vikombe. Jiko letu ni la gesi, kwa hiyo akina Ghulamabbas wamehamia kwetu na blanketi zao. Januari anawasimulia habari za Kigamboni, jinsi mama yake alivyokuwa anamnusa nywele kujua kama aliingia baharini. Mke wa Ghulamabbas amecheka mpaka akatoa miwani.

Sufuria imerudi. Ina doa.

Jumamosi, 22 Februari 2014

Sijui niandike nini.

Nicole amemaliza filamu. Kabla haijakwenda kwenye tamasha la mwezi ujao, alituonesha leo mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wamejaa. Januari alivaa shati jipya, akaketi mstari wa mbele.

Ni filamu nzuri. Vijana wanasimama, theluji inaanguka, mtu anaongea taratibu kuhusu upweke. Halafu katikati — ngoma, tarumbeta, muziki wa sarakasi. Na mume wangu. Anaanguka. Anainuka, kofia ya mpira imemkalia upande. Anaanguka. Anasubiri wimbi kwenye maji yaliyolala, mbwa anambwekea. Anaanguka.

Ukumbi ulipasuka. Thacienne alikuwa anafuta machozi kwa kitenge. Hakuna aliyekuwa na ubaya, hilo naliona. Hata Januari alicheka, akageuka nyuma akawapungia mkono watu.

 Kufika nyumbani akaenda gereji, nikasikia ngazi inaburutwa. Ameutundika ubao juu kabisa, nyuma ya matairi ya theluji.

"Kulikoni?" nikamwuliza.

"Hakuna. Baridi imezidi."

Jumanne, 25 Februari 2014

Kochi.

Alhamisi, 27 Februari 2014

Nimekwenda chuoni kwa Nicole. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, tukaelewana kama kawaida yetu.

Nilimwuliza kwa nini muziki ule. Akasema mwalimu wake aliona filamu ni nzito, inahitaji mahali pa kupumulia. Akasema watu walimpenda sana Papa Januari, ndiye waliyemtaja wote walipotoka.

"Walimpenda anavyoanguka," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ulituonesha zile filamu, na yeye ndiye aliyekuambia wanavyowafanya wale wazee. Mbele yako. Ukaandika."

Akainamisha kichwa.

"Kuna siku hakuanguka. Siku ya upepo. Nilikuwepo, Nicole."

Akasema picha ya siku ile anayo. Aliikata kwa sababu ni ndefu na hakuna kinachotokea. Akafungua kompyuta, akaitafuta, akaiacha iende bila sauti.

Siku ile mimi niliona mgongo. Kamera yake ilikuwa mbele, chini, usawa wa maji. Wimbi linanyanyuka, yeye amelilalia, kidevu juu kidogo, povu huku na huku, na anakuja. Anazidi kuja. Hatabasamu. Ana uso wa mtu anayesikiliza kitu kwa makini asikipoteze. Uso huo siujui. Nimelala naye, nimezaa naye, nimemuuguza malaria, na uso huo siujui. Alikuwa nao kabla hajanijua, akauacha mahali.

Wimbi likamweka mchangani polepole, kama mtu anavyolaza mtoto.

"Hicho ndicho unachoita hakuna kinachotokea?" nikamwuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Nicole aliirudia. Tukaangalia tena, halafu akasema — na hili alilisema kwa Kiswahili — "Mama, filamu nimeshaituma." Kubadilisha ni kuomba upya, na mwalimu anaipenda ilivyo, na ni filamu yake ya kwanza. Nikaona macho yake. Ni mtoto bado. Sikumlazimisha. Nilimwambia mama yake anamsalimu, jambo ambalo ni uongo, kisha nikaondoka.

Januari ameniuliza nilikuwa wapi. Nimesema dukani. Nimerudi mikono mitupu, na hata hilo hakuliona.

Jumamosi, 29 Machi 2014

Naandika garini. Goti ndilo meza.

Tamasha ni leo saa kumi na moja jioni, kwenye sinema moja upande wa mashariki wa mji. Nicole ametuma tiketi mbili. Nilimwuliza kwenye simu kama amebadilisha kitu. Akasema, njooni mtaona. Sijui maana yake. Sauti ya "mtaona" inaweza kuwa njema, inaweza kuwa aibu.

Januari hakutaka. Mwanetu Elinaza akapiga kutoka Calgary, akamwambia kwa Kiingereza baba usimvunje moyo msichana wa watu. Basi akavaa suti. Tai ameifunga kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Alipokuwa ananyoa ndevu nilisikia redioni: upepo wa mashariki, mkali, mpaka jioni. Nikaenda gereji. Nikapanda ngazi mwenyewe, mimi ninayeogopa hata kupanda kiti. Nikatoa matairi, nikashusha ubao, nikautia kwenye buti la gari pamoja na vazi la mpira, glavu na blanketi mbili. Sikumwambia. Nilijiambia tu kwamba buti lilikuwa tupu.

Barabara inashuka, na mara moja ziwa lote likawa mbele yetu. Mistari myeupe, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mwisho wa macho. Akapunguza mwendo. Gari la nyuma likapiga honi. Mkono wake umekamata usukani, kidole kimoja kinagonga.

"Kata kulia pale," nikasema.

"Tutachelewa."

"Kata, Januari."

Simwiti jina lake mara nyingi. Alikata.

Tukasimama kwenye maegesho, tumeelekea maji. Barafu bado ipo ukingoni, chafu, imevunjika vipande. Aliangalia kwa muda. Kisha akasema, kama anamwambia kioo, "Mbaya tu leo sina ubao."

"Fungua buti."

Alisimama nyuma ya gari mpaka nikadhani ameondoka. Alipokuja dirishani kwangu alikuwa na glavu moja mkononi.

"Mama Elinaza. Na ile filamu?"

"Watu watakaa waiangalie. Haikuhitaji wewe uwepo ndipo ianze."

"Na wakicheka?"

"Mimi sijui kama watacheka. Vaa, utapata baridi."

Alivaa nyuma ya mlango, anarukaruka mguu mmoja kwenye upepo, mama mmoja na mbwa wake wakageuza macho kwa heshima. Tai yake inaning'inia kwenye gia. Suti nimeikunja vizuri kiti cha nyuma, sijui kwa nini, hakuna atakayeivaa leo.

Sasa yuko majini. Amepita barafu, amepita vijana, amekwenda upande wake karibu na mawe.

Thacienne ameandika: muko wapi, watu wanaingia. Ameandika tena. Sasa ni Nicole anapiga. Simu inatetemeka juu ya kiti chake Januari, inazunguka yenyewe kama mende. Naiangalia. Angekuwa na habari mbaya, angepiga? Angekuwa na nzuri, angesubiri tufike?

Imenyamaza. Inaanza tena.

Wimbi moja limempita. La pili ameliacha kwa makusudi, nimemwona. Amegeuka, amelalia ubao, anaangalia nyuma begani. Kuna moja linakuja kubwa kuliko yote, bado liko mbali, na kutoka hapa juu nitaona mgongo tu, si uso.

Viatu hivi ni vya kanisani. Nashuka mpaka kwenye maji.