Spana ya Pili

Alhamisi

...na bado anasema nimekasirika bure.

Fundi Rajabu mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kabla ya kugusa airbag, ule mfuko wa hewa wa usukani, fungua waya wa betri kwa spana namba kumi, subiri umeme uliobaki uishe, halafu spana hiyo itie mfukoni mwako, mtu asije akaurudisha waya wewe ukiwa bado ndani ya gari. Miaka sita hapa gereji ya Nateete nimefanya hivyo. Nilijua gereji nzima ina spana namba kumi moja tu; ikiwa mfukoni mwangu, siogopi.

Leo nilikuwa nimeinamia usukani wa gari la mteja, airbag mpya imenigusa kifua, nataka kuchomeka plagi yake. Taa ya ndani ikawaka juu ya kichwa changu.

Umeme! Kitu kile kikilipuka karibu hivyo, kinakuvunja uso. Nikailaza kwenye kiti polepole, nikatoka.

Rajabu alikuwa amesimama kwenye betri na spana namba kumi nyingine mkononi. Wala si mpya. Imejaa grisi kama yangu.

"Mvua inakuja, dada. Washa upandishe vioo, viti vya mteja visilowe."

"Na mimi je?"

"Kwani imelipuka?"

Sijui ameficha ile spana tangu lini. Sijui ni mara ngapi nimeinama pale, nikijiona salama, kumbe...

Nimeng'ang'ana na hilo tangu jioni.

Mvua yenyewe haikunyesha.