Siyo Hatua, Babu

Chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu,
Hosteli ya Wachezaji.
Jumatano, baada ya kifungua kinywa.

Mpendwa Babu, mume wangu,

Shikamoo. Mpe Bibi, mke mwenzangu, shikamoo yake pia, na mwambie asinune. Safari hii sikumwandikia yeye kwa sababu barua yangu iliyopita aliijibu kwa mistari miwili, na mmoja ulikuwa wa kuniuliza kama nakula. Nakula. Wewe je, macho yanasemaje tangu upasuaji? Bado unachomelea vyuma bila miwani kwa ubishi wako, au daktari amekushinda? Nataka jibu la kweli, siyo lile lako la "hatujambo sote".

Mimi mwilini sijambo. Kifundo cha mguu kilichonitesa mwaka jana kimepona kabisa. Chumba chetu ni kidogo lakini kisafi, ila beseni la kuogea limejaa nguo za mashindano zilizolowekwa, kwa hiyo tunaoga kwa majirani. Nalala na mdogo kuliko wote kwenye timu, tunamwita Kijiti. Yeye na wenzake wananiita Bibi Kizee, na mimi nina miaka ishirini na minne tu! Kwenye jimnastiki, mwenye umri wangu huulizwa kila siku anastaafu lini.

Keshokutwa ni mashindano ya timu. Nimezunguka nchi nyingi kwa kazi hii, nimepanda boriti, ule ubao mwembamba tunaopindukia juu yake, mbele ya umati wa watu, na hujawahi kunisikia nikisema ninalotaka kusema sasa. Babu, naogopa. Naogopa mpaka chakula nakisukuma kwa maji.

Ni ile meza ya kurukia. Umeiona kwenye televisheni: unakimbia, unakanyaga ubao wa springi, unaisukuma meza kwa mikono, kisha juu huko unapinduka huku umejisokota kama nguo inayokamuliwa, mpaka miguu ikute godoro. Mruko wangu nimeufanya miaka mingi bila hata kuufikiria. Sasa umenipotea. Mikono ikishaachana na meza, sijui tena chini ni wapi. Siyo kizunguzungu. Macho yako wazi, naona taa, naona rangi ya godoro, lakini mwili haujui kipi kiko juu na kipi kiko chini. Mara ya kwanza niliangukia mgongo kwenye shimo la sponji, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Mara ya pili sikucheka.

Sikumwambia mtu. Ukisema jambo kama hili unaonekana umekwisha, na nafasi yako anapewa mwingine. Kwa hiyo nikawa nakimbia vizuri, nikiifikia meza naipita pembeni, natikisa kichwa: "Kocha, hatua zimekataa." Kila mmoja wetu ana alama yake ya chaki pale anapoanzia mbio, na hatua zikikosea alama husogezwa. Basi Kocha akatoa futi yake, akapima, akasogeza. Nikaipita meza tena. Akasogeza tena. Mchua misuli wetu, mama mmoja mwenye vidole kama koleo, akaukanda mguu usiouma hata chembe mpaka kweli ukaanza kuuma. Timu nzima inahangaika na miguu yangu, na ugonjwa uko juu hewani. Nisingekuwa naogopa, ningecheka mbavu zivunjike.

Gari limekuja kutupeleka kwenye mazoezi, leo ni kwenye ukumbi wenyewe wa mashindano. Nitaendelea nikirudi.

Nimerudi, Babu. Jua bado halijazama. Naandikia magotini, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Leo kuipita meza kungekuwa aibu ya mchana kweupe. Kwenye mazoezi haya waamuzi wanakaa wakitazama, na kabla hujakimbia, namba ya mruko wako inawekwa kwenye kibao ili wote wajue unakwenda kufanya nini. Namba yangu ikawekwa. Nikainua mkono, nikakimbia, nikaruka.

Huko juu sikujua kitu. Niliona taa mahali nilipotegemea kuona godoro, nikaikunjua mikono kifuani katikati ya mzunguko, nikashuka kwa bega ukingoni kabisa. Ningekwenda pembeni kidogo tu, ningekuta mbao tupu. Nilijishika shingo, nikajaribu vidole vya miguu. Vilipocheza vyote nikaanza kulia.

Kocha alikuja mbio, akapiga magoti. "Umeumia?"

"Hapana."

"Hatua tena, siyo?" Na mkono ulikwishaingia mfukoni, anatoa futi.

Nikaitazama ile futi. Nikajua atapima, atasogeza, na mimi nitakimbia tena.

"Kocha, siyo hatua. Nikiwa juu sijui chini ni wapi."

"Tangu lini?"

"Tangu tukiwa nyumbani, kabla ya kambi."

Akakaa chini palepale kwenye godoro. Akairudisha futi mfukoni. Kisha akasema, "Mwanangu, siku zote hizi nakurudisha nyuma ili upate mbio zaidi. Nilikuwa nakurusha juu zaidi." Akaitazama mikono yake. "Ningekuua mimi."

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nilidhani najificha tu, kumbe kila nilipodanganya nilikuwa najiongezea kimo cha kuanguka.

Namba yangu imeondolewa. Kijiti ndiye atakayeruka. Mruko wake ni mwepesi kuliko wangu, kwa hiyo alama zitapungua, na medali tuliyokuwa tunaiota huenda ndiyo hiyo imekwenda. Nilimweleza mwenyewe, tumekaa vitandani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Dada, inaambukiza?" Nikamwambia hapana, kisha nikajifungia bafuni, kwa sababu sijui. Daktari wa timu anasema huwapata wengi na huondoka, ila hasemi lini. Wapo ambao haikuondoka. Kesho nitapanda boriti nione kama imenifuata na huko. Leo hata ngazi za hosteli nimezipanda nimeshika ukuta.

Keshokutwa mtaniona kwenye televisheni nimekaa benchi, koti nimelifunga mpaka kidevuni. Majirani watasema nimeumia. Usiwakubalie, Babu. Waambie sijaumia, naogopa, na nimesema mwenyewe.

Nisalimie Baba na Mama, ila ukurasa huu wa pili usiwasomee mpaka nirudi. Msalimie Shangazi na cherehani yake, Mjomba, na wale mapacha wanaojipindua kwenye makochi ya watu. Mungu akutunzie macho yako uone mengi mema bado. Na mimi uniombee kitu kimoja tu: nikiwa juu, nijue chini ni wapi.

Wako akupendaye sana,
Mke wako mdogo