Goli Lililofungwa kwa Leseni ya Mwingine

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nadai, na dai hili nitalitetea hata nikibaki peke yangu: goli la fainali ya Kombe la Ghuba, Septemba 1987, halikufungwa na Shigela. Lilifungwa na baba yangu, Rwehumbiza, mtu ambaye jina lake halikuwemo hata kwenye orodha ya timu.

Nimeanza na hilo ili hasira isinipotezee njia.

Leo asubuhi nilikuwa saluni ya Mashimba, hapa Mkuyuni, Mwanza. Wazee wa Jiwe Kuu hukutana pale kila Jumamosi. Timu yenyewe ilikufa zamani. Mashabiki wamegoma kufa. Mashimba ndiye kinyozi na ndiye mwenyekiti wao. Utaratibu hauvunjwi: aliyekalia kiti cha kunyolewa ndiye msimulizi, wengine humsahihisha, na Mashimba hamalizi kichwa mpaka goli liwe limefungwa.

Leo kiti alikikalia Luhende, seremala. Akalisimulia goli lile. Dakika ya themanini na saba, mpira wa adhabu. Shigela akapiga ishara ya msalaba. Akarudi nyuma hatua tatu. Akapiga kwa mguu wa kushoto — ukuta ukaruka bure, kipa akabaki ameshika kiuno. “Kama mtu aliyeachwa na meli!” mmoja akadakia.

Nikauliza: kushoto? Ana hakika?

“Nshomile, mimi nilikuwa nyuma ya goli,” akasema Luhende. “Wewe ulikuwa wapi? Siku hiyo hata baba yako alikuwa hajui mama yako anaitwa nani!”

Walicheka mpaka mashine ya Mashimba ikamla Luhende nywele za kisogoni. Wahaya wote kwao ni nshomile — wasomi wa kujisifu. Mimi nina shahada ya historia na sina kazi mwaka wa pili, kwa hiyo utani wao unachoma mara mbili.

Kisha Mashimba akatangaza. Jumapili ijayo, tarehe kumi, ni Siku ya Magwiji. Ukuta wa uwanja umeshapakwa chokaa. Itachorwa picha moja, litaandikwa jina moja: Shigela. Anakuja mwenyewe kutoka Sengerema.

Niliondoka bila kunyolewa.

Nyumbani nikamkuta baba ameelekea ukutani. Tangu kiharusi cha Mei hasemi, na upande wa kulia wote umekufa. Daktari amemwambia mama kwamba kikija cha pili hatavuka. Alimwambia kwa kunong'ona, kana kwamba mimi ni mtoto.

Zimebaki siku nane.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sijalala vizuri. Ninaandika yale baba aliyoniambia, maana nikifa mimi hakuna nakala nyingine.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka huu huu. Tulikuwa tunatazama mpira kwenye televisheni. Mchezaji mmoja alipiga ishara ya msalaba kabla ya kupiga adhabu, akakosa. Baba akasema kwa upole: “Mimi nilipata.” Nikadhani anatania. Akaeleza yote, mara moja tu, kisha akaomba chai.

Mwaka 1987 alikuwa fundi magari Bukoba, kijana wa miaka ishirini na miwili. Jiwe Kuu walikuwa wamemsajili winga kutoka Sengerema, Shigela. Wiki tatu tu, hakuna shabiki aliyewahi kumwona. Siku mbili kabla ya fainali malaria ikamwangusha. Dirisha la usajili lilikuwa limefungwa. Kocha, aliyewahi kumwona baba akicheza, akapiga simu Bukoba. Baba akapanda meli Jumamosi jioni, akashuka Mwanza Jumapili asubuhi, akapewa jezi namba kumi na moja pamoja na leseni ya uchezaji ya Shigela. Picha ya leseni ilikuwa ndogo kama stempu ya barua, na muhuri umekaa juu ya pua. Wachezaji wakapangwa mstari, mwamuzi akakagua. Akaitazama picha, akamtazama baba, akauliza: jina?

“Shigela.”

Neno moja tu. Alifunga goli, akala chungwa, akapanda meli ya jioni kurudi Bukoba. Shigela naye akarejea kwao, akawa mwalimu, hakucheza tena. Ndivyo anavyozaliwa gwiji wa mechi moja: hakuna mechi ya pili ya kumuumbua.

Mtu anayecheza kwa jina la mwingine ana neno lake, na sitalikwepa. Mamluki. Baba yangu alikuwa mamluki.

Lakini hili ndilo linaloniua: alihamia Mwanza mwaka 1995. Amenyolewa kwa Mashimba miaka thelathini. Miaka thelathini amelisikiliza goli lake likisimuliwa kwa jina la mtu mwingine, naye — Luhende mwenyewe amenithibitishia — alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote. Kila mara alikuwa akiuliza: “Kisha ikawaje?”

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimemtafuta Mama Odeta huko Mirongo. Zamani aliuza machungwa uwanjani. Siku hizi ana genge la mboga. Nilimwamkia, nikamwomba anisimulie fainali ile bila kumwambia ninachotafuta. Shahidi haongozwi.

Akasimulia huku akichambua mchicha. Shigela alimjia baada ya mechi, jasho linamtiririka, akachukua chungwa akamshukuru kwa Kihaya. “Nikajiuliza, Msukuma gani huyu? Wenzangu wakaniambia, acha wewe, wachezaji wanajua lugha zote.”

Kihaya! Nikamfunulia yote. Nikamwomba aje Jumapili aseme hayo hayo, si zaidi.

Akauacha mchicha. Akasema:

“Mwanangu, kombe lile ni la wote. Ukisema alikuwa mamluki, linakuwa kombe la wizi. Mume wangu nimemzika na jezi ya Jiwe Kuu. Nikamwambie nini huko aliko?”

Nilimjibu kwamba ukweli hauna mjane. Sentensi nzuri. Sijui kwa nini niliisema. Alinifungia mchicha mafungu mawili, akaniambia mpelekee mgonjwa.

Nikapitia kwa Mashimba. Saluni ilikuwa tupu. Nikampangia hoja: wote mnakiri mguu wa kushoto, wote mnakiri ishara ya msalaba. Shigela ni Mprotestanti, mzee wa kanisa la AIC, tena wa kuzaliwa humo. Tangu lini mtu wa AIC akapiga ishara ya msalaba? Baba ni Mkatoliki wa Muleba, na maisha yake yote alipiga mpira kwa kushoto. Kumbukumbu zenu wenyewe ndizo mashahidi wangu!

Mashimba akapuliza nywele kwenye mashine. “Leta leseni.”

“Leseni ina picha ya Shigela! Ndiyo hoja yenyewe!”

“Basi huna hoja, msomi.”

Halafu, nikiwa mlangoni, akaongeza kwa sauti nyingine kabisa: “Mzee Rwehu ni rafiki yangu. Nimemshika kichwa miaka thelathini. Kama lilikuwa lake, kwa nini hakuniambia?”

 Swali hilo nimetembea nalo hadi nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimevuka hadi Kamanga kwa kivuko cha asubuhi, nikafika Sengerema kabla ya saa tano. Nyumba ya Mwalimu Shigela haikunipa taabu: nilipouliza, mwendesha bodaboda akasema, “Yule wa goli?”

Ni mzee mrefu, msafi, shati limefungwa hadi kishikizo cha juu. Nikasema shikamoo. Marahaba. Nikataja jina la baba, na kikombe kikasimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukanusha kwake, nina hoja saba — hakukana hata moja. Alisema:

“Nilikuwa chini ya mablanketi matatu, kijana wangu, natetemeka, nasikiliza redioni jinsi ninavyocheza. Nikasikia nimefunga. Mama watoto akageuka, akanitazama kitandani.”

Akacheka kidogo, akaacha.

Alisema mwanzoni alinyamaza kwa sababu kocha alimwapisha: kombe lingenyang'anywa. Baadaye alinyamaza kwa sababu watu walimpenda. Alipata uhamisho wa karibu na nyumbani kwa ajili ya goli. Darasani watoto watukutu walitulia kwa ajili ya goli. Wajukuu wake wanaitwa wajukuu wa goli. “Nimeungama mengi mbele ya kanisa. Hilo sijawahi kulitamka.”

Nikamwambia: Jumapili ndiyo nafasi yako.

“Hapana.”

Nikamwambia baba yangu anakufa.

Alikisogeza kikombe pembeni. Akasema kesho atakuja kumwona, amwambie yeye mwenyewe, uso kwa uso. Lakini jukwaani hatasema. Ana miaka sitini na mitatu. Hawezi kuanza kuwa mtu mwingine.

“Baba yangu alianza akiwa na ishirini na miwili,” nikasema, “kwa ajili yako.”

Mkewe akaniomba nitoke nikapunge upepo.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Mtaa mzima umekwenda maonyesho, na nyumba yetu ina kimya cha kanisa siku ya kazi.

Amekuja! Saa nne na nusu, na sato wawili kwenye mfuko. Mama akampokea bila kujua ni nani. Mgeni alipotaja jina, mama akakaa chini ghafla. Kumbe mama anajua. Kumbe amejua miaka yote hii. Sikuambiwa mimi tu.

Mwalimu Shigela akavuta kigoda hadi kitandani. Akasema, na maneno yake nayaandika kama yalivyotoka: “Rwehumbiza. Mimi ndiye Shigela. Goli lile ni lako. Nimelitumia. Nimelitumia sana. Nisamehe.”

Baba akamtazama kwa muda. Kisha mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, ukainuka, ukakishika kiganja cha Shigela, ukakivuta polepole hadi kwenye mdomo wa baba, ukakibandika hapo. Machozi yakapita kati ya vidole vya yule mzee.

Mama akatutoa chumbani.

Barazani tukagawanyika. Mama anasema amembusu mkono, amesamehe, yameisha. Mwalimu Shigela anasema, “Ananiambia ninyamaze. Tumekubaliana.” Mimi nasema — ninasema hivi! — baba ananiambia: sina mdomo, uwe mdomo wangu.

Ishara moja, tafsiri tatu, na mwenye ishara hawezi kuulizwa. Miaka mitatu chuoni nimefundishwa namna ya kusoma ushahidi, na leo siwezi kuusoma mkono wa baba yangu.

Mama alinifuata jikoni. “Baba yako ameshajibiwa. Wewe unataka nini tena?”

Nikasema nataka kijulikane kilicho chake.

“Chake,” akasema, “au chako?”

 Nilikuwa naparua sato. Nimejikata kidole.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Hali ya baba ni mbaya. Uji unatokea pembeni mwa mdomo. Padre amekuja mchana, amempaka mafuta matakatifu. Mama ananitazama kama mtu anayetaka kuniomba jambo lakini anajua nitaligeuza kuwa mdahalo.

Kesho.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Naandika hapa hapa uwanjani, daftari juu ya goti. Saa tisa na dakika ishirini. Jua kali. Viti vya kukodi vimejaa, walio nyuma wamekaa juu ya mawe. Nilimuaga mama asubuhi, alisema, “Usiende.” Baba alikuwa amefumba macho, pumzi inavuta kama msumeno butu. Nilimwambia sikioni ninakwenda wapi. Sikuona ishara yoyote. Nilingoja. Sikuona yoyote.

Mchoraji ameshamaliza mwili. Kijana mwembamba mwenye jezi ya kumi na moja, mguu umeinuka — wa kushoto! Uso ni wa Shigela, ulionakiliwa kutoka kwenye picha ya harusi yake. Mguu wa baba yangu, kichwa cha mwingine. Sasa hivi yuko juu ya ngazi anaandika jina. Ameandika SHI.

Mashabiki wanashuhudia mmoja mmoja kwenye kipaza sauti. Luhende amemaliza, amelia kabisa, amepigiwa makofi. Mama Odeta yupo mstari wa pili. Aliponiona akainamisha kichwa.

Mwalimu Shigela amekaa meza kuu, kishikizo cha juu kimefungwa. Hajagusa soda yake. Amenitafuta kwa macho mara mbili na mara mbili mimi ndiye niliyepata ushindi, maana yeye ndiye aliyetazama chini. Ushindi gani huu.

Nilisimama, nikaomba kipaza sauti. Mashimba akakifunika kwa kiganja. “Maswali kwa maandishi, msomi. Andika kwenye karatasi, nitayasoma yote. Naapa, nitayasoma kama yalivyo.” Macho yake hayakuwa na utani. Nadhani atalisoma swali langu. Nadhani na yeye anataka kujua.

Kwa hiyo ninaliandika kwanza hapa, kisha nitalinakili kwenye karatasi.

Simu inaita. Mama. Nimeiacha.

Inaita tena. Mama.

SHIGE. Brashi imerudi kwenye kopo.

Mara ya tatu. Inatetemeka juu ya paja na mwandiko unaharibika. Nikimaliza sentensi hizi nitapokea. Lazima kwanza niwe nimeuliza, ili lolote atakaloniambia mama, niwe nimeuliza baba akiwa bado —

Swali kwa Mwalimu Shigela, kutoka kwa Bagenda, mwana wa Rwehumbiza: Jumapili ile ya fainali, saa kumi jioni, wewe ulikuwa wapi? Usinijibu mimi. Usije tena kunong'ona chumbani mwetu. Wajibu hawa walioketi juani kwa ajili yako. Simama, ushike kipaza sauti, ujibu sasa hivi, kabla mchoraji hajaandika herufi mbili zilizobaki.